Bhoke Mwita na Swali la Mpakani

Walimu wenzangu wa idara ya Hesabu, siku ile mliponiaga kwa soda na keki mlinipa kipaza sauti, nikasema maneno mawili nikakaa. Mlidhani nimezidiwa na furaha. Nilichotaka kusema hakisemeki ndani ya ukumbi wenye muziki. Sasa niko hapa Nyamisangura, Tarime mjini, na ustaafu wangu, kuku wameshanizoea, na asubuhi mkono bado unatafuta chaki. Nimeamua niwaandikie. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na vikao vyake.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilipopangiwa Tarime mama yangu alilia kama mtu anayempeleka mwanawe vitani, maana habari za Wakurya zilikuwa zikifika kwetu zimetiwa chumvi kila kituo. Nilishuka stendi mvua ikinyesha, nina sanduku la bati na shati la mikono mifupi. Watu wote waliokuwa wamenionya juu ya mapanga, hakuna hata mmoja aliyenionya juu ya baridi. Kesho yake nilipoingia darasani wanafunzi walisimama kwa kishindo kikubwa hivi kwamba nilirudi nyuma hadi mlangoni. Wakacheka. Nikacheka. Kazi ikaanza hivyo.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Ogutu, Mjaluo wa Rorya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Chuo kilinifundisha hesabu. Kufundisha alinifundisha yeye. Msimu wa mvua chaki zetu zilinyonya unyevu zikawa zinateleza ubaoni bila kuacha alama, na Ogutu alizibeba nyumbani akazianika pembeni ya jiko la mkaa, akarudi nazo zikinuka moshi na samaki. Alinionyesha kuchora mduara kwa mkono mtupu: kidole gumba kwenye kiini, bega lizunguke, macho yasiitazame chaki. "Tazama unakokwenda," alisema. "Chaki inajua ilipo." Pia aliniambia kwamba mwanafunzi akiuliza swali nisilolijua, nivute kiti nikae. "Ukijibu umesimama utadanganya." Niliona ni masihara ya wazee. Baadaye nilivuta kiti mara nyingi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, kata ya Ringwani, shule changa iliyokuwa na madarasa mengi kuliko walimu. Nilifundisha Hesabu, Fizikia na, kwa muhula mmoja ambao naomba usahaulike, Michezo. Watoto wa kule walikuja darasani macho mekundu kwa sababu walikuwa wamekesha wakilinda mahindi dhidi ya tembo. Ukimwona mtoto amelala juu ya jedwali la logi huwezi kumpiga, labda ukampige tembo. Nilijifunza kufundisha polepole, jambo moja kwa siku, na kulirudia kesho yake bila kununa. Ogutu alifariki nikiwa huko. Nilipata habari amekwisha kuzikwa, na nilipohamishwa tena Tarime nilikuta kiti chake kimewekwa kwenye ofisi ya idara, mimi nikitakiwa nikikalie.

Sasa nifike kwa Bhoke Mwita, maana ndiye hasa ninayemwandika.

Alikuja kidato cha tano akitokea Kerende, kule Nyamongo. Baba yake, Mzee Mwita, alikuwa mkulima na mfugaji. Mkononi alibeba fimbo, na maneno yake yalihesabika. Siku anamleta binti alinisalimia kwa kunipa mkono, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, huyu hasikii mtu akishika jambo. Nimekuletea." Ilikuwa kama anakabidhi ndama msumbufu. Bhoke alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake na godoro, akiangalia chini, lakini niliona anatabasamu.

Mnajua namna tunavyofundisha namba changamano: namba moja ni nukta moja juu ya karatasi bapa, pande mbili, basi. Siku ya somo hilo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, namba moja inakaa kwenye karatasi. Tukichukua mbili kwa pamoja, zinakaa wapi?"

"Zinakaa mahali penye pande nne."

"Wapi huko?"

"Hakuna aliyewahi kupaona kwa macho."

Alifikiri. "Basi mtu akiwa huko ndani atajuaje amefika ukingoni?"

Nilivuta kiti nikakaa. Darasa zima likadhani naumwa.

Nilimwambia ukweli, kwamba chuo kikuu nilisoma kozi moja tu ya mambo hayo, na mwisho wa kozi mhadhiri alitugusia kuwa ukiingia kwenye namba changamano mbili au zaidi, mipaka ya maeneo inaanza kuwa na tabia ambazo kwenye karatasi hazipo. Sikuwa na zaidi ya hapo. Alinishukuru, akakaa. Kuanzia siku ile alikuja ofisini kila Ijumaa mchana, na vile vitabu vyangu vya chuo vilivyokuwa vinaliwa na mchwa vikapata mwenyewe.

Alifaulu. Wajomba zake walitaka aolewe kwanza, chuo kitamkuta. Mzee Mwita akawajibu kwamba ng'ombe wa mahari wapo duniani siku zote, wala hawafungi udahili. Alikwenda chuo kikuu, akabakizwa kufundisha, akaanza shahada ya uzamivu. Kila likizo alipita kwangu kabla ya kwenda Kerende. Shikamoo ilitoka angali getini, na kabla sijamaliza marahaba ameshaanza kueleza.

Nitajaribu kueleza na mimi, kwa sababu wengi wenu mliniuliza kwenye chumba cha walimu nikawajibu juu juu. Chukua maeneo mawili katika ile nafasi ya pande nyingi, kila moja lina mpaka wake laini. Chukua kanuni inayopeleka kila nukta ya eneo la kwanza kwenye nukta ya eneo la pili, kanuni ya ile jamii ya namba changamano inayoitwa holomofiki, ambayo ndani ya eneo haina kona wala mkwaruzo. Yeye aliita kanuni hiyo mpeleko. Kuna mipeleko ambayo ukisogea kuelekea mpaka huku, nukta unakopelekwa inasogea kuelekea mpaka kule. Haiwezi kubaki ikizurura katikati. Kwa Kiingereza neno lake halisemi lolote. Bhoke alisema kwa Kiswahili ataiita mpeleko mwaminifu, na sikuwahi kusikia jina zuri zaidi.

Swali lake lilikuwa hili. Ndani mpeleko ni laini, hilo tunalijua. Lakini ukifika mpakani penyewe, je, unabaki laini, au unachanika? Kwenye karatasi ya pande mbili jibu lilijulikana zamani. Kwenye pande nyingi watu wenye akili wamelijibu kwa mipaka ya aina nyingi, na kwa mipaka yote kwa jumla bado hawajalijibu. Shida iko pale ambapo mpaka haujapinda vya kutosha, penye ubapa. Mpaka ukiwa umepinda vizuri kila mahali, zana zinashika. Penye ubapa zinateleza, kama zile chaki zetu za masika.

"Nataka lote," aliniambia likizo moja, amesimama jikoni kwangu na kikombe cha chai alichosahau kukinywa. "Mipaka yote."

Nilimwamini.

Alianza kuvimba miguu mwaka wake wa pili wa utafiti. Walidhani ni uchovu, halafu wakadhani ni presha, na walipofika kwenye figo zilikuwa zimekwisha kazi. Alirudishwa nyumbani. Kerende ilikuwa mbali na hospitali, kwa hiyo shangazi yake Gati, aliyekuwa na duka la nafaka hapa Nyamisangura, alimpa chumba nyuma ya duka, na kutoka hapo akawa anapelekwa Mwanza kusafishwa damu, anarudi, anapumzika, anapelekwa tena. Mzee Mwita alijitolea figo yake. Madaktari wakasema haifai, yeye mwenyewe ana presha. Alikaa kwenye benchi la hospitali akawauliza mara mbili kama wamepima vizuri. Mdogo wake Bhoke naye hakufaa. Wakaendelea kutafuta.

Siku ya kwanza nilipomtembelea nilimkuta amekaa kitandani, uso umejaa, macho yale yale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Mkono huu wameutoboa, kuandika unaniuma. Lakini kichwa kipo. Una nafasi mchana?"

Nilikuwa na nafasi. Shuleni kulikuwa na ubao uliopasuka pembeni, umetupwa nyuma ya stoo; niliomba ruhusa nikaubeba kwa mkokoteni hadi kwa Shangazi Gati, tukauegemeza kwenye magunia ya mtama. Mchana baada ya vipindi nilikwenda, yeye akasema, mimi nikaandika. Tulipojaza ubao tuliupiga picha kwa simu tukamtumia msimamizi wake chuoni. Nilielewa mistari niliyoweza kuielewa. Mingine niliiandika kama mtu anavyoandika lugha ya wageni, na nikiandika alama vibaya alisema taratibu, "Mwalimu, hapo chini, siyo hapo juu," nami nikafuta kwa kiganja. Wateja wa Shangazi walichungulia. Mmoja aliuliza kama ni mambo ya bei za mtama.

Siku moja nilimkuta ametazama ukuta. Sijakaa, akasema, "Naliacha lile kubwa."

"Unaliacha vipi? Umebakiza penye ubapa tu."

"Penye ubapa ndipo lilipo swali lote, Mwalimu. Nitachukua ile mipaka ambayo nukta zake bapa ni chache na zimetengana, kila moja iko peke yake. Hiyo naiweza. Nishaiona njia."

Nilikasirika. Leo naweza kusema nilikasirikia figo, lakini niliyezungumza naye alikuwa yeye. Nilimwambia hajawahi kuchukua jambo nusu tangu nimjue. Nilimwambia baba yake alinikabidhi mtu asiyesikia la mtu.

Alinisubiri nimalize. "Lile kubwa atalifikia mtu mwingine. Akilifikia kesho, mimi nitafurahi. Lakini muda nilionao unatosha hili dogo. Nikishika lile, nitakufa sina hata moja."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Shangazi Gati, aliyekuwa anapepeta mlangoni, alisimamisha ungo.

"Mwalimu," akasema Bhoke, "chukua chaki."

Nikachukua chaki.

Tulifanya kazi masika yote. Kuna siku alirudi kutoka Mwanza hawezi kuinua kichwa, nikakaa tu, tukasikiliza mvua kwenye bati. Kuna siku alisema mistari mitatu akalala. Kuna siku, na hizi zilikuwa chache, alichangamka akaongea haraka hadi mkono wangu ukashindwa kumfuata, na chumba kile chenye harufu ya magunia kikawa na raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye darasa lolote. Mzee Mwita alikuja siku za mnada, akaweka fimbo nje, akakaa kwenye gunia akitutazama. Siku moja alimwuliza binti yake kwa Kikurya jambo fulani, Bhoke akacheka, akanitafsiria: "Tata anauliza kama Mwalimu ameshaanza kuelewa."

Tulipodhani tumemaliza, msimamizi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na habari yake ilikuwa mbaya: kulikuwa na mstari unaodai kitu ambacho tulikuwa bado hatujakithibitisha. Karibu na nukta bapa tulichukulia kwamba umbali hadi mpaka wa kwanza na umbali hadi mpaka wa pili vinapungua kwa pamoja kwa mwendo unaolingana. Labda ni kweli, alisema, lakini nani kasema?

Bhoke alikata simu, akafumba macho. "Amenishika," akasema. "Ameshika penyewe." Nilitegemea alie. Alikuwa anatabasamu, kama siku ile ya ndoo na godoro.

Jibu hakulipata kitandani. Alilipata njiani akirudi kutoka Mwanza, amelazwa kiti cha nyuma, Shangazi akimpepea. Alidai simu, akanipigia nikiwa ofisini, akanisomea mstari mmoja mrefu wa kutolingana, kipi ni kidogo kuliko kipi, mara mbili, akasema, "Andika kabla sijatapika." Niliandika nyuma ya mtihani wa kidato cha sita. Siku chache baadaye msimamizi alipiga tena. Aliuliza maswali, Bhoke akajibu, kisha sote tukasikia: "Hapa pamekaa sawa. Sina swali."

Bhoke aliweka simu kwenye mkeka. Akaomba uji. Alikuwa hajaomba chakula kwa siku nyingi, na Shangazi alikimbia jikoni ameacha duka wazi.

Alifia Mwanza, majuma machache baada ya hapo, asubuhi, wakati mimi niko darasani nafundisha vekta. Niliona jina la Shangazi kwenye simu, nikajua. Nilimaliza kipindi. Mliokuwapo mtakumbuka kwamba nilipotoka nilipita ofisini bila kuwajibu salamu, nikaenda nyuma ya stoo pale ulipokuwa ubao ule, nikasimama. Hakukuwa na kitu pale, majani tu.

Tulimzika Kerende, nyumbani kwao. Watu walikuwa wengi, na kabla ya jeneza kushushwa mjomba mkubwa alisimama akauliza jambo ambalo wengi walikuwa wakiliuliza chini chini. "Huyu mtoto amesoma mpaka amekufa. Alikuwa anasoma nini? Mwalimu yuko hapa. Atuambie."

Nilisimama. Sikuwa nimejiandaa. Niliwaambia wafikirie maboma mawili na ng'ombe ambao kila mmoja ana mwenzake boma la pili. Huyu akisogelea uzio huku, mwenzake anasogelea uzio kule. Bhoke alitaka kujua kinachotokea pale kwenye uzio penyewe, kama ule mfuatano unaendelea sawasawa au unavunjika. Watu walikuwa na mashaka mahali fulani pa uzio. Yeye aliwaondolea.

"Kwa hiyo ni mambo ya mipaka," alisema mjomba.

"Ni mambo ya mipaka."

"Basi angebaki angetusaidia. Hapa hatuna ugomvi mwingine."

Watu walicheka, na kile kicheko kiliwafungua, wanawake wakaanza kulia kwa sauti. Mzee Mwita hakucheka wala kulia. Alikuwa ametazama midomo yangu muda wote.

Kazi yake ilichapishwa baadaye, jina lake likitangulia, la msimamizi likifuata. Msimamizi alinitumia. Hakuna aliyeiandika habari yake kwenye gazeti. Swali kubwa, lile la mipaka yote, liko wazi hadi ninapoandika. Nami nilirudi darasani nikafundisha miaka iliyobaki. Nadhani nilifundisha vizuri. Lakini Ijumaa mchana niliacha mlango wa ofisi wazi kwa mazoea, na mnajua wenyewe kwamba hakuna aliyekuja ila walioleta madaftari.

Ulipopita mwaka Mzee Mwita aliniita Kerende. Walikuwa wanajengea kaburi. Wajomba walitaka mstari wa Biblia, yeye alitaka mstari wa mtoto wake. "Yale uliyosema kwa mdomo siku ile yaandike, yawe mafupi, yawe Kiswahili," aliniambia. Nilihangaika nayo kuliko mtihani wowote niliowahi kutunga. Neno hili lilikuwa la uongo, lile halieleweki. Mwishoni nilitumia maneno ya Bhoke mwenyewe, na fundi aliyachora kwa msumari kwenye saruji mbichi, polepole, ulimi nje: BHOKE MWITA. ALIONYESHA KWAMBA MPELEKO MWAMINIFU HAUCHANIKI MPAKANI.

Mzee Mwita alipiga magoti asome. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na herufi zilikuwa hazina wino. Alifuata kwa kidole bila kugusa, neno kwa neno, kwa sauti. Alisoma jina. Alisoma "alionyesha kwamba". Alisoma "mpeleko mwaminifu", akatua. Kisha akasoma, "Hauachani mpakani."

Akarudia. "Hauachani mpakani." Akamgeukia mkewe, ambaye hajui kusoma, akamwambia kwa Kikurya, na yule mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa.

Fundi alinitazama. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kusahihisha. Nilimwashiria aendelee kusawazisha saruji.